Chama kilichoundwa kwa ajili ya vitukuu, kikaja kuishi kwa kansa

Leo nachambua kisa cha chama kimoja cha wanasayansi, Environmental Mutagen Society, EMS kwa kifupi, kilichoanzishwa Marekani mwanzoni mwa 1969. Najua jina lenyewe linatia usingizi, ila vumilieni kidogo, maana hawa jamaa walifanya kitu ambacho sijakiona kwenye vyama vingi vya wasomi: waliunda chama cha kumtetea mtu ambaye hajazaliwa, tena sio mtoto wa kesho asubuhi tu, wakati mwingine ni kitukuu au kilembwe wa huyu anayekula na kuvuta hewa leo. Halafu pesa, sheria na umaarufu vikaja kupitia mlango mwingine kabisa, mlango wa kansa. Hoja yangu ni hiyo tu, chama kilinusurika kwa kubadilisha mgonjwa.

Kwa ambao baiolojia waliiaga kidato cha pili, mutesheni ni maandishi ya vinasaba kubadilika, herufi moja inakosewa au kipande kizima kinakatika. Kinachosababisha hilo, iwe mionzi iwe kemikali, kinaitwa mutajeni. Ikitokea kwenye seli ya ngozi au ya ini ni shida yako mwenyewe, ukifa unazikwa nayo, na ndo hapo kansa inapoingia. Ikitokea kwenye mbegu ya baba au yai la mama, wewe huumwi chochote, unadunda mtaani kama kawaida, ila mtoto anaibeba kwenye kila seli ya mwili wake. Na kama ni ya zile za kujificha, zinazotaka zirithiwe kwa baba na kwa mama ndo zionekane, inapita kwa mtoto kimya, kwa mjukuu kimya, kwa kitukuu kimya, inakuja kumlipukia kilembwe ambaye hata jina lako halijui. Sasa hapo utamshtaki nani, kiwanda chenyewe kilishafungwa miaka 60 nyuma na uwanja umekuwa stendi ya mabasi.

Hilo ndo tatizo walilojibebesha. Mwathirika hayupo, mkosaji hayupo, na ushahidi utakuja watu wote wameshakufa.

Haradali kwanza

Mwaka 1927 Hermann Muller alionyesha kwamba eksirei inaleta mutesheni kwa inzi wa matunda, na mwaka 1946 akapewa Nobel kwa kazi hiyo. Kwa miaka mingi ukisema mutajeni watu wanaelewa mionzi tu. Aliyeleta kemikali mezani ni mama mmoja anaitwa Charlotte Auerbach, Myahudi wa Ujerumani aliyekuwa mwalimu Berlin mpaka Wanazi walipoingia 1933 wakamfukuza kazi, akakimbilia Edinburgh. Vita vikaanza. Pale Edinburgh kulikuwa na mtaalamu wa dawa, J. M. Robson, na kulikuwa na jambo limewashangaza, kwamba vidonda vya gesi ya haradali, ile silaha iliyochoma watu vita vya kwanza, vinachelewa kupona na vinafanana sana na vidonda vya eksirei. Wakawaza, kama jeraha linafanana huenda hata huko ndani kwenye vinasaba kinachotokea kinafanana. Auerbach akawa anawafukiza inzi wake kwa gesi hiyo juu ya paa la jengo la idara, vifaa vyenyewe vya kuungaunga, chombo kiko wazi, mikono yake ikaungua vibaya. Mwaka 1941 jibu walikuwa nalo: haradali inabadilisha vinasaba kama eksirei. Ila ni silaha hiyo, ni siri ya serikali, kwa hiyo maelezo kamili yakasubiri vita viishe. Huko Urusi naye Iosif Rapoport akafika palepale kwa njia yake, kwa formaldehaidi, akachapisha 1946.

Weka hiyo haradali pembeni, tutaihitaji mwishoni.

Sasa kama inajulikana toka 1941 kwamba kemikali inaweza kuharibu vinasaba, na chama kimekuja 1969, hiyo miaka 28 katikati watu walikuwa wapi? Jibu ni bomu. Baada ya Hiroshima na Nagasaki kila mtu aliogopa mionzi, na serikali ya Marekani kupitia tume yake ya nishati ya atomiki ikamwaga pesa kwa yeyote anayetaka kujua mionzi inafanya nini kwa viumbe. Kituo kikubwa kilikuwa Oak Ridge, Tennessee, mji uliojengwa kwa siri wakati wa vita kwa ajili ya kurutubisha urani. Idara ya biolojia pale aliiongoza kuanzia 1946 mzee Alexander Hollaender, na huyu ndo mhusika mkuu wa kisa chetu.

Hollaender alizaliwa 1898 Samter, wakati huo ni Ujerumani, leo ni Poland, akahamia Marekani 1921. Kama mwanasayansi alishafanya kitu kikubwa ambacho watu wengi wamekisahau. Mwaka 1939, kwa kutumia mbegu za kuvu wa ngozi, alionyesha kwamba mwanga wa urujuanimno unaoleta mutesheni nyingi zaidi ni uleule unaofyonzwa na asidi za kiini, yaani DNA na nduguze, ilhali kipindi hicho wengi walikuwa wanaamini jeni zimetengenezwa kwa protini. Alikuwa ameshika ufunguo mkononi miaka mitano kabla dunia haijaanza kuelewa kwamba DNA ndo yenyewe. Ila sifa yake kubwa ilikuwa ya kupanga watu. Idara yake ikakua mpaka ikawa moja ya maabara kubwa za biolojia duniani, ndo hapo William na Liane Russell walipokuwa wanafuga panya kwa maelfu na maelfu wakihesabu rangi za manyoya na maumbo ya masikio ya watoto ili kujua mionzi imeharibu jeni ngapi. Kazi ya kuchosha balaa, ila ndo ilikuwa kipimo pekee cha maana cha madhara yanayorithiwa kwa mnyama anayenyonyesha kama sisi.

Kwa hiyo ile miaka 28 haikupotea, ilijenga wataalamu, vifaa na mazoea ya kupima. Ila vyote vilielekezwa kwenye mionzi.

1969

Miaka ya 60 mambo yakaanza kugeuka. Mwaka 1961 likaja sakata la thalidomidi, watoto wanazaliwa bila mikono kwa sababu mama alimeza kidonge cha kutuliza kichefuchefu. Thalidomidi yenyewe inaharibu mimba inayokua, hiyo ni tofauti na kuharibu vinasaba, ila iliwafungua watu macho kwamba kitu kikiuzwa duka la dawa haina maana kimepimwa kila kona. Mwaka 1967 ikatoka ripoti kwamba LSD, ile dawa ya kulevya inayoleta maruweruwe, inavunja kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, magazeti yakashangilia kweli. Na wanajenetiki wenyewe wakawa wanapiga hesabu kichwani: mionzi angalau ina mashine, ina swichi, ina mita ya kusoma kiwango. Kemikali zipo kwenye mkate, kwenye dawa za wadudu, kwenye rangi, kwenye shampuu, ni maelfu kwa maelfu, na kabla hazijaingia sokoni zilipimwa kama zinaua haraka, chache zikapimwa kansa, na kupimwa kama zinabadilisha vinasaba hakukuwa na sheria yoyote iliyotaka hivyo.

Ndo Hollaender akawakusanya watu, na ukiangalia orodha unaona mzee alikuwa anajua anachokifanya. Joshua Lederberg, mwenye Nobel ya 1958, ambaye pia alikuwa na safu yake kwenye Washington Post kwa hiyo kila alichoogopa yeye msomaji wa kawaida alikisoma. Matthew Meselson, aliyeonyesha pamoja na mwenzake jinsi DNA inavyojinakili. James Crow wa Wisconsin, bingwa wa hesabu za jenetiki za jamii nzima. Ernst Freese kutoka taasisi za afya za taifa. Marvin Legator kutoka FDA kwenyewe, mamlaka ya chakula na dawa. Samuel Epstein, daktari Mwingereza aliyekuwa Boston kwenye taasisi ya utafiti wa kansa ya watoto. Frederick de Serres na Heinrich Malling, huyu wa mwisho Mdenmark, wote wa Oak Ridge na wote watu wa kuvu wa maabara. Yaani chuo kikuu, serikali, hospitali na maabara ya atomiki kwenye meza moja.

Kitu cha kwanza walichofanya cha maana, na mimi nadhani ndo kikubwa kuliko vyote, ni kazi ya ukarani. Sitanii. Tatizo lilikuwa kwamba taarifa zipo ila zimetawanyika, mmoja kapima kemikali fulani kwenye kitunguu akachapisha kwenye jarida la mimea, mwingine kaipima hiyohiyo kwenye inzi, mwingine kwenye kuvu, mwingine huko Japani kwenye bakteria, na hakuna hata mmoja anayejua habari za mwenzake. Hakuna intaneti, hakuna kugugo. Wakaanzisha kijarida cha taarifa kwa wanachama, halafu wakaunda kituo pale Oak Ridge, Malling akiwa kiongozi wake wa kwanza, kazi yake ni kukusanya kila kilichochapishwa duniani kuhusu kemikali na mutesheni na kukipanga kwa jina la kemikali. Ukitaka kujua kuhusu dawa fulani ya kuua kuvu wa mapera unaandika barua, unaletewa orodha.

Mtu anaweza kudharau, ila fikiria ilivyobadilisha mjadala. Kabla ya hapo mwenye kiwanda akisema "hakuna ushahidi" kumjibu ni wiki tatu za kupekua maktaba. Baada ya hapo jibu lipo kwenye faili.

Uamuzi wa pili una utata zaidi. Chama kiliamua kiwe cha sayansi, mlango wazi kwa kila mtu, wakiwemo wanasayansi wa viwanda vya dawa na kemikali, na kisiwe chama cha kupiga kelele. Wapo wanaoona hapo ndo waliuza mechi. Mimi naona tofauti kidogo. Waliokuwa wanataka kupiga kelele walipiga tu kama watu binafsi, Lederberg gazetini, Epstein mbele ya kamati za bunge la seneti, Legator ndani ya serikali, huku chama kikibaki na sura ya maktaba. Ukimshambulia Epstein hujakishambulia chama. Ni ujanja wa mjini, ila una gharama yake, kwamba maktaba haimwambii mtu aache kuuza kitu. Anayetaka kuamua aamue mwenyewe, na aliyekuwa na sheria mkononi kipindi hicho alikuwa anaangalia ugonjwa mmoja tu.

Somo la sukari ya bandia

Chama hakijamaliza hata mwaka, likaja jaribio lenyewe. Saiklameti, ile sukari ya bandia iliyokuwa kwenye soda za dayati Marekani nzima. Legator na wenzake walikuwa wamepima kitu ambacho mwili unakitengeneza ukishakula saiklameti, saikloheksilamini, wakaona kinavunja kromosomu za panya. Kwa mtu wa EMS hiyo ni kengele tosha kabisa. Ila Oktoba 1969 serikali ilipotangaza kuiondoa saiklameti kwenye vyakula, sababu iliyotajwa ilikuwa uvimbe kwenye vibofu vya panya waliolishwa mchanganyiko wa saiklameti na sakarini, sukari nyingine ya bandia. Kansa. Kromosomu zilibaki habari ya pembeni.

Kwanini? Kwa sababu toka 1958 sheria ya Marekani ilikuwa na kifungu cha Delaney, kinachosema kiongezwa chochote cha chakula kikionekana kinaleta kansa kwa binadamu au mnyama, hakiruhusiwi, basi, hakuna mazungumzo ya kiasi. Kitu kinachoharibu vinasaba vya kitukuu hakikuwa na kifungu chake. Kwa hiyo mwanasheria wa serikali akiwa na faili mbili mezani, moja imeandikwa kansa na nyingine imeandikwa mutesheni, atabeba ipi kwenda nayo? Mimi nadhani somo hilo liliingia vizuri kichwani kwa kila mtu aliyekuwa kwenye hiki chama, hata kama hakuna kikao kilichokaa kuamua.

Bakteria na ini

Sasa anaingia Bruce Ames wa Berkeley, California. Ames alikuwa na bakteria wa Salmonella walioharibiwa jeni moja, hawawezi kujitengenezea histidini, kirutubisho wanachokihitaji ili waote, ukiwaweka kwenye sahani isiyo na histidini hawaoti. Ukiwawekea kemikali na wakaanza kuota, maana yake kuna waliopata mutesheni iliyorekebisha ile jeni, unahesabu vidoa kwenye sahani baada ya siku mbili, vikiwa vingi ujue umekutana na mutajeni. Rahisi hivyo. Kupima kansa kwa panya ni miaka miwili mitatu na pesa ya kutisha, hii ni siku mbili tatu na gharama yake unaweza kuibana kwenye bajeti ya chuo. Na Ames akawa anawatumia bakteria hao bure maabara yoyote ikiomba.

Kulikuwa na tundu moja tu, kemikali nyingi hazina madhara zenyewe mpaka mwili uziguse. Ini linajaribu kuisafisha, katika kuisafisha linaigeuza kitu kikali zaidi. Mfano tunaoujua vizuri huku kwetu ni sumukuvu, ile ya kwenye mahindi na karanga zilizokaa na unyevu, iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui, na Tanzania ikaja kuua Dodoma na Manyara mwaka 2016. Vifo vile ni vya sumu ya papo kwa papo kwenye ini. Ila kwa anayekula kidogokidogo miaka na miaka, ini linaigeuza sumukuvu kuwa kitu kinachong'ang'ania DNA, na mwisho wake ni kansa ya ini. Bakteria hana ini. Malling, yuleyule wa kituo cha faili, mwaka 1971 akaonyesha kwamba ukichanganya kemikali ya namna hiyo na ini la panya lililosagwa, makali yake yanaonekana kwenye bakteria. Ames akachukua wazo hilo akalitia kwenye sahani zake, na 1973 akatoka na makala ambayo kichwa chake kilitangaza wazi kwamba visababishi vya kansa ni mutajeni. Mwaka 1975 timu yake ikaleta hesabu ya kemikali 300, na kati ya zile zinazojulikana kuleta kansa karibu 90% zilionekana kwenye bakteria.

Hapo ndo mlango ulifunguka. Ghafla kipimo cha mutesheni kimekuwa kipimo cha haraka cha kansa, na kansa ina sheria, ina bajeti, ina vita aliyoitangaza Rais Nixon mwaka 1971. Mtu wa EMS aliyekuwa anabisha hodi ofisi za serikali kuzungumzia vilembwe akawa sasa anaitwa yeye, akae, anywe na chai.

Na matokeo yalikuja, tusiwe wachoyo wa sifa. Mwaka 1977 Arlene Blum na Ames waliandika kuhusu Tris, dawa ya kuzuia moto iliyokuwa imelowekwa kwenye nguo za kulalia za watoto kwa sababu sheria ilitaka nguo hizo zisishike moto haraka. Ni mutajeni, na iko kwenye kitambaa ambacho mtoto anakinyonya usiku kucha. Miezi michache baadaye, Aprili 1977, ikapigwa marufuku, majaribio ya panya nayo yakiwa yameshaonyesha kansa. Baadhi ya wenye mizigo wakaanza kuiuza nje ya nchi, mpaka 1978 Marekani ilipozuia na hilo. Sisi wa nchi za mitumba tuisome hiyo sentensi mara mbili.

Japani nako, ambako chama chao cha mutajeni kiliundwa 1972, kulikuwa na AF-2, dawa ya kuhifadhi chakula iliyoruhusiwa toka 1965, ipo kwenye tofu, ipo kwenye soseji za samaki, nchi nzima inakula kila siku. Ilishapita vipimo vya kawaida vya usalama. Watu wa mutesheni, kina Sohei Kondo wa Osaka na wenzake, ndo walioanza kuona 1973 kwamba inabadilisha vinasaba vya bakteria vibaya sana, wengine wakaona inavunja kromosomu za seli za damu ya binadamu, kelele zikaanza, ikapimwa upya kwa panya, ikaleta uvimbe, 1974 ikaondolewa. Kwangu mimi AF-2 ndo ushahidi bora kwamba hivi vyama vina kazi, kwa sababu kengele ilipigwa na bakteria wakati mnyama alikuwa bado hajasema kitu. Ila angalia tena ilichosubiriwa kabla ya kuiondoa. Kansa.

Ulaya walikuwa wameshaunda chama chao 1970, Frits Sobels wa Leiden akiwa mmoja wa nguzo zake, na 1973 dunia nzima ikakutana Asilomar, California, kongamano la kwanza la kimataifa. Sheria ya kemikali ya Marekani ya 1976 hatimaye ikaitaja mutesheni kwa jina lake pamoja na kansa na ulemavu wa kuzaliwa. Jarida rasmi la chama likaanza 1979. Kwa chama cha miaka kumi si mchezo.

Bei yake

Ukijenga nyumba kwenye kiwanja cha mwenzio, akihama unahama naye. Mwaka 1987 mpango wa taifa wa kupima sumu wa Marekani ukatoa matokeo ya kemikali 73 zilizopimwa kwa panya na kwa vipimo vya haraka bila upendeleo, na ule ulinganifu mtamu wa 90% ukashuka mpaka kama 60%. Kumbe zipo kemikali nyingi zinazoleta kansa kwa panya bila kugusa vinasaba. Ames mwenyewe akawa ameshageuka, anasema mboga zimejaa sumu zao za asili zinazoshinda dawa za viwandani, kwamba 99.99% ya viuadudu tunavyokula mmea umejitengenezea wenyewe, na ukimlisha panya dozi kubwa ya karibu chochote utapata uvimbe. Epstein akawa upande wa pili kabisa, viwanda vinatuua na serikali imelala. Watu waliokuwa wanapigana upande mmoja 1975 wakawa hawasalimiani vizuri kwenye majarida. Mimi sina upande hapo, kila mmoja alikuwa na robo tatu ya ukweli na aliing'ang'ania kana kwamba ni wote.

Na katika ugomvi wote huo utaona kitu: wanagombania kansa. Kitukuu hatajwi.

Hollaender alifariki Desemba 1986. Mwaka 2012 chama kikabadili jina kikawa Environmental Mutagenesis and Genomics Society, kwenda na wakati. Watu wa kupima madhara yanayorithiwa walikuwepo muda wote ila walikuwa wachache, na kazi yao ilikuwa na mkosi mmoja mkubwa, kwamba kwa panya jambo linaonekana wazi na kwa binadamu halionekani. William Russell mwaka 1979 pale Oak Ridge aliipata ethilinitrosourea, kemikali inayoharibu vinasaba vya mbegu za panya kuliko mionzi yoyote aliyowahi kuitumia. Ila njoo kwa watu. Watoto zaidi ya 70,000 waliozaliwa Hiroshima na Nagasaki baada ya bomu walichunguzwa na kina James Neel, hakuna ongezeko lililojitokeza waziwazi. Mwaka 2021 watafiti wengine wakasoma vinasaba vyote vya watoto 130 ambao wazazi wao walipigwa na mionzi ya Chernobyl, kile kinu cha nyuklia kilicholipuka, mutesheni mpya hazikuzidi za watu wengine. Mtoto yeyote anazaliwa na mutesheni mpya kama 60 hivi, na kitu kinachoziongeza kwa uhakika ni umri wa baba, moja hadi mbili kwa kila mwaka anaouongeza. Yaani hofu iliyounda chama ilikuwa inapimwa na inarudi mikono mitupu, miaka inapita.

Kuna wanaosema basi hofu ilikuwa ya bure. Mimi hapo nasita, kwa sababu kutafuta mutesheni chache za ziada kwa mtoto kwa zana za 1970 ilikuwa ni kama kutafuta punje moja ya mchanga iliyohama ufukwe wa Bagamoyo. Zana ya kusoma vinasaba vyote, herufi kwa herufi, baba na mama na mtoto kwa pamoja, haikuwepo mpaka juzijuzi.

Na zana hiyo ilipopatikana, mwaka 2022 ikatoka kazi moja kutoka Uingereza kwenye jarida la Nature. Walisoma familia 21,879 zenye watu wenye maradhi ya kurithi, wakitafuta watoto ambao mutesheni zao mpya zimezidi kupita kiasi. Wakawapata 12 tu, wenye mutesheni mara mbili mpaka mara saba ya kawaida, na wengi wao ziada hiyo ilitoka kwa baba. Wawili, baba zao walikuwa na jeni mbovu za kukarabati DNA. Watano, maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba baba alitibiwa kansa kwa dawa kali kabla ya kumtunga mimba huyo mtoto.

Watano kati ya familia elfu ishirini na kitu, ni wachache mno, na hofu ya 1969 ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Ila ni watoto wa watu, wana mutesheni walizoachiwa na baba aliyekunywa kemikali, ndo kabisa kile Hollaender alichokuwa anakisema. Na dawa za kansa zilianzaje? Mwaka 1942 pale Yale, madaktari walichukua kitu cha ukoo wa silaha ya vita wakamchoma sindano mgonjwa mwenye uvimbe wa tezi, uvimbe ukapungua, na jamii nzima ya dawa ikazaliwa hapo, zingine tunazitumia mahospitalini mpaka leo. Kitu chenyewe kilikuwa haradali ya naitrojeni, binamu wa ile gesi iliyomchoma Auerbach mikono juu ya paa.